Moyo wa Dereva wa Misiba

Ugonjwa wangu ulianzia miguuni, ndiyo maana sikuutilia maanani. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, nilikaa ukingoni mwa kitanda nifunge buti, kamba hazikufika. Nikazivuta, nikalaumu soksi, nikabadilisha soksi. Nilipobonyeza kidole juu ya kifundo pakabaki shimo, nalo halikuwa na haraka ya kujaa. Nikafunga matundu ya chini tu, nikashusha suruali juu yake, nikaenda kazini.

Naandika haya sasa kwa kuwa napumua vizuri, na kwa kuwa najua kuna mtu mahali fulani amekaa ukingoni mwa kitanda chake analaumu soksi. Sitakueleza moyo unavyofanya kazi. Hilo waulize wenye elimu yake. Mimi kila waliponichorea picha ya moyo nilisinzia. Nitakueleza tu nilivyokaa nao.

Naitwa Yustina. Nilikuwa sajenti na dereva. Kwetu ni Kalenga, Iringa, nikaolewa Mbeya na mwalimu wa shule ya msingi, Mnyakyusa mpole anayeitwa Ambakisye. Tunakaa mtaa wa Soweto, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mparachichi uani. Mtoto wetu mmoja, Gwamaka, yuko chuo Dodoma, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili. Na katika hao wawili, mmoja alikuwa hasemi. Huyo ni mimi.

Kikosini kwetu madereva ni wengi, lakini kulikuwa na kazi moja iliyokuwa yangu. Askari akifa, awe amekufa kwa malaria, kwa ajali au kwenye ulinzi wa amani nje ya nchi, mwili wake lazima ufike kwao. Na kwao mara nyingi ni mwisho wa barabara: Makete, Ileje, Ludewa, milima ya Kilolo, kwenye udongo ambao mvua ikinyesha gari linakwenda ubavu. Mimi nilijua kupita. Jeneza halikuwahi kugonga ubavu wa gari nikiwa nimeshika usukani. Wakubwa wakaliona hilo, ikawa kila msiba ukitokea, "Mwiteni Yustina." Wenzangu wakaniita Dereva wa Misiba. Nikalicheka jina, likanizoea.

Nisikudanganye, niliipenda kazi ile. Siku naomba udereva, miaka hiyo bado msichana, mkubwa mmoja aliniuliza kama jikoni kumejaa. Niliupata usukani kwa ubishi, na nilikuwa tayari kupoteza vitu vingi lakini si huo. Kumbuka hilo unaposoma, maana kila upumbavu nilioufanya baadaye ulitoka hapo.

Hebu nikueleze tunavyofika. Kijijini watu wamejaa uani tangu asubuhi. Gari la mwili haliingii kwa mbele. Unaligeuza barabarani na kuliingiza kinyumenyume, ili mlango wa nyuma uelekee nyumba ya marehemu. Sasa, wakati gari linakuja kwa mbele watu wanalitazama tu. Ukiweka rivasi ndipo kilio kinanyanyuka, nadhani kwa sababu hapo ndipo wanapoamini. Kina mama wanaukimbilia mlango wa nyuma gari likiwa bado linatembea. Mguu wako uko kwenye breki, macho kwenye kioo cha pembeni, unaomba usimkanyage mtu. Askari wa kubeba wanashuka, padri anashuka, mkubwa wa msafara anashuka na bendera. Dereva hashuki. Atalinda gari, ataletewa chakula mle mle, atakula, na maziko yakiisha atageuza kurudi. Hakuna aliyeniamuru nisishuke. Ndivyo nilivyowakuta waliotangulia wakifanya.

Mwezi ule ule wa buti, madaktari walikuja kikosini. Walikuwa wanapima msongo wa mawazo kwa askari, na kutazama kama una uhusiano na mioyo yao. Kiongozi wao alikuwa mwanamke kijana, Daktari Zulekha, mtoto wa wauza vitambaa wa hapo hapo Mbeya mjini, mwenye hijabu nyeupe na sauti ya chini.

"Tumekuja kupima vitu viwili kwa pamoja," alisema. "Mzigo ulioko kichwani, na moyo unavyoubeba. Majibu yenu hayatapelekwa kwa mkubwa yeyote."

Afisa mteule wetu, mzee wa makelele, akasimama mbele ya bwalo. "Mmesikia? Hapa kwetu hakuna vichaa. Mjibu kijeshi."

Bwalo zima likacheka, na watu wakajibu kijeshi kweli. Tulikuwa tumekaa kwa vyeo, wakubwa mbele, wadogo nyuma, na jeshini mdogo hamtangulii mkubwa wala hapingani naye. Aliye mbele akiweka alama kwenye "kamwe", wa nyuma yake anachungulia begani, naye anaweka "kamwe". Ukosefu wa usingizi, kamwe. Hofu, kamwe. Hasira nyumbani, kamwe. Kabla ya chai ya saa nne kikosi kizima kilikuwa na amani ambayo hata watawa hawana.

Mimi nilikuwa katikati. Maswali mengine yalikuwa mepesi kwangu. Umewahi kushambuliwa? Umewahi kumwona mwenzako akipigwa risasi? Umewahi kuhisi utauawa? Hapana, hapana, hapana, na hapo nilisema kweli tupu, kwani sijawahi kwenda vitani. Nilisita kwenye usingizi. Wakati huo nilikuwa silali kitandani tena. Nikilala chali pumzi inakata, basi nilikuwa najiegemeza kwenye kochi la sebuleni. Nikajiuliza: nani atamkabidhi gari dereva asiyelala? Nikaweka "kamwe", nikapeleka karatasi.

Kilichonikamata ni mkono. Nesi alinifunga kile kitambaa cha presha, akapampu, akatazama, akafungua. Akafunga mkono wa pili. Akaenda kuleta mashine nyingine.

"Afande, umekimbia kuja hapa?"

"Nimekaa hapa tangu asubuhi."

"Una dawa unayotumia?"

"Ya nini?"

Alikwenda kumwita Daktari Zulekha, naye akaja akakaa kwenye kiti mbele yangu, akainamisha kichwa. "Shikamoo mama," akasema. Sikuwa nimejiandaa kwa shikamoo. Askari ukiitwa afande unajua pa kuweka mikono; ukiitwa mama katikati ya bwalo huna ujanja. Nikaitikia marahaba, yeye akainama akanikunjia suruali, akatazama miguu yangu.

Walinivalisha kijimashine kidogo chenye nyaya zilizobandikwa kifuani, kinanasa mapigo ya moyo mchana na usiku. "Nenda kaishi kama kawaida," daktari akaniambia. "Fanya kazi zako, usijipumzishe kwa ajili yetu."

Ambakisye alizikuta zile nyaya nilipokuwa navaa kanga. "Hiyo nini tena, mama Gwamaka?"

"Kipimo."

"Cha nini?"

"Cha askari wote."

Akatikisa kichwa, akaenda kusahihisha madaftari. Lazima nikuambie tulikuwa tumefikia wapi. Nilipohamia kwenye kochi nilimwambia ni kwa sababu anakoroma. Mwanaume yule aliamini. Akaanza kulala kifudifudi, akaacha chai ya jioni kwa kuwa mtu alimwambia inaleta kukoroma, kila asubuhi ananiuliza, "Jana je, nilikoroma?" Nami nasema, "Sana." Alikuwa amenyong'onyea, na mimi nilimwona, na bado kochi likawa rahisi kuliko maneno.

Kesho yake niliosha vyombo bombani uani, nikala, nikapiga pasi sare. Nilirudisha mashine nikiwa na hakika haikukuta kitu.

Siku ya majibu Ambakisye aliomba ruhusa shuleni akanifuata. Sikumwalika. Tulikaa kwenye benchi la korido hospitalini, katikati ya watu wenye makoti na blanketi, kila mtu anatoa mvuke mdomoni. Tulipoingia, Daktari Zulekha alikunjua karatasi ndefu yenye milima midogo midogo. Sehemu moja milima ilikuwa imesongamana.

"Hapa ni mchana. Mama, ulikuwa unafanya nini?"

"Naosha vyombo."

"Vyombo tu?"

"Na sufuria."

Alitabasamu, akataka kugeuza karatasi. Ndipo mume wangu akakohoa. Ambakisye ni mtu ambaye hata akidaiwa ada ya mlinzi anaomba samahani kabla ya kulipa.

"Daktari, naomba niseme. Wakati ule pikapu ya jirani ilikuwa inaingia na viazi kutoka Uyole. Ilikuwa inarudi kinyumenyume getini kwake. Huyu alisimama na sahani mkononi, bomba linamwaga maji. Nikamwita. Nikamwita tena. Hakuitika mpaka gari lilipozimwa."

"Siku hiyo tu?"

"Kila gari likirudi nyuma pale mtaani. Ni muda mrefu sasa."

Nilimgeukia. Nilikuwa na hasira ya kumrarua. "Nani alikutuma kunichunguza?"

"Hakuna aliyenituma," akasema. "Nakaa na wewe."

Daktari akaniuliza taratibu kwa nini gari linalorudi nyuma. Nikamweleza kazi yangu kama ninavyoeleza njia: unageuza hapa, unaweka rivasi pale, kilio kinaanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kalamu ikiwa mezani.

"Kwenye maswali yetu hakuna hilo," akasema.

"Mliuliza vita."

"Ndiyo. Tuliuliza vita."

Nilimwona akitazama rundo la karatasi za wenzangu, zile za kamwe, kamwe, na nikamwonea huruma. Kisha akaniambia nilale kwenye kitanda cha kipimo kingine, akanipaka jeli baridi kama barafu chini ya titi, akatazama skrini kwa muda mrefu. Moyo wangu ulikuwa umetanuka na kuchoka. Wenzangu mnaosoma haya msije mkasema Yustina alitanuliwa moyo na misiba. Daktari mwenyewe hakusema hivyo. Presha ilikuwa imekaa humo miaka bila mtu kuiona, nayo ilikula sehemu yake. Alichosema ni kwamba mzigo mmoja uliufuata mwingine, na moyo haukupewa siku ya kupumzika.

Niliuliza swali moja tu. "Nitaendesha?"

"Si sasa, mama."

"Lini?"

"Kwanza uishi," akasema.

Nililazwa wakati wa vumbi la Agosti. Dawa ya kutoa maji mwilini ilinifanya niende chooni mpaka nikazoea kila ufa wa korido, na miguu ikapungua, ikabaki na ngozi iliyolegea kama soksi ya marehemu. Uso nao ukapungua. Siku moja nilijiona kwenye dirisha nikadhani ni shangazi yangu. Wenzangu wa kikosini walikuja mara ya kwanza wengi, na juisi za boksi, wakasimama kuzunguka kitanda wakitania. Mara ya pili wakaja wachache. Baadaye simu tu, halafu zikaacha. Siwalaumu. Nadhani kila mmoja alikuwa anaogopa nimuulize aliweka alama gani.

Niliporudi kazini nilipangiwa stoo ya vipuri. Nilikabidhi funguo za Landkruza kwa koplo mmoja anayeitwa Sanga, kijana wa Makete, dereva mzuri ila ana haraka. Nilimwonyesha klachi inavyoshika juu, nikampa na kile kitambaa changu cha kufutia kioo. Kisha nikaingia stoo nikakaa juu ya tairi, nikalia bila machozi. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu mwingine, machozi hayatoki. Kifua kinapanda, halafu basi.

Stoo haina dirisha upande wa barabara. Nilikuwa nasikia magari yakitoka, na kwa mlio tu nalijua kila moja na nani analiendesha. Mvua za Desemba zilipoanza akafa askari mmoja wa Ileje. Sanga alinipigia akiwa njiani.

"Dada Yustina, daraja limekwenda na maji. Nipite wapi?"

Nikamwelekeza: rudi mpaka penye kanisa, shika kushoto, panda ukifuata bonde, usikanyage breki kwenye mteremko wa pili. Nikasikia gari linavyohangaika, nikasikia na watu wa nyuma wanaimba pambio. "Nimepita dada," akasema, na simu ikakatika. Nikabaki nimeshika simu kati ya matairi na matangi ya oili. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, hata siku nimelazwa.

Kliniki ya moyo ilikuwa kila mwezi, na mwaka wangu ukawa unahesabika kwa benchi lile. Kwanza mwezi wa vumbi, kisha mwezi wa maembe, mwezi wa mvua, mwezi wa mahindi mabichi. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kiislamu, muuza nguo, Mzee Abdalla, aliyekuwa anafika mapema kuliko daktari. Aliniwekea nafasi kwa kutandaza gazeti, na akija mtu kukaa anamwambia, "Hapo pana mtu, anakuja." Hatukuwa na mazungumzo marefu. Tukikaa ananipa tende, ananiuliza, "Bado tupo?" nami namwambia, "Tupo." Kuna miezi ambayo sentensi hiyo ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote nilizosema na mtu nje ya nyumba.

Na nyumbani, Ambakisye alijifunza kupika bila chumvi. Mchicha bila chumvi, maharage bila chumvi, na samaki wa Matema, ambaye kwa Mnyakyusa kumla bila chumvi ni tusi. Nilimwambia ajitilie ya kwake pembeni. Akasema, "Tutazoea." Hakuzoea. Nilikuwa namwona anavyomeza na maji. Nilipomweleza hatimaye kwamba hakuwahi kukoroma kunizidi, alisema, "Basi ningeendelea kunywa chai yangu." Nikacheka mpaka nikatafuta pumzi, naye akanishika mgongo kwa hofu.

Lakini usiku na mchana magari yaliendelea kurudi nyuma mtaani, nami niliendelea kusimama na sahani. Daktari Zulekha alinituma kwa mshauri, dada mwenye upole wa kutosha na kiti kizuri. Ananiuliza, "Leo unajisikiaje?" nami nasema salama. Wewe unanijua sasa: kama mtu ameniuliza hali, nitasema salama hata nikiwa nimeshikilia mlango nisianguke. Tuliachana kila mara kwa adabu. Vipimo vilikuwa vinanisuta: presha inashuka kidogo, inapanda tena, dawa inaongezwa. Daktari akaanza kuzungumza juu ya kustaafu kwa ugonjwa.

Kama na wewe uko kwenye benchi hilo, nikuombe machache. Buti zikigoma, usilaumu soksi. Ukipewa swali ambalo halikuhusu, usijibu tu hapana ukakaa. Waambie swali lako ni lipi. Na anayekaa na wewe, muulize amekuonaje, maana yuko anaona. Mengine kila mtu na njia yake. Yangu ilipita Kalenga, na kwa makosa.

Ilikuwa mwezi wa sita tena. Karatasi za kustaafu zilikuwa zimetoka Jumanne, na mimi nilitaka kumwona mama yangu kabla sijamwona mtu mwingine yeyote. Sikumpigia simu. Ningemwambia nini? Jumatano asubuhi nilijifunga kanga, nikajifunika na nyingine kwa sababu ya baridi, na Ambakisye akavaa koti lake la shule, jeusi, ndilo zito. Tukapanda basi la Iringa, na mchana wake tulikuwa tunateremka kwa miguu kwenda uani kwetu.

Mama alikuwa anapukuchua mahindi na majirani zake wawili. Ukiwa wa kwetu umeshajua alichokiona. Binti aliyeolewa mbali anakuja katikati ya wiki, bila taarifa, amekonda, amejifunika kanga, na mume wake yuko nyuma yake na koti jeusi. Kwetu hiyo haina maana nyingine. Hatukuwahi hata kufika kwenye salamu ya "kamwene". Mama alisimama, mahindi yakamwagika kutoka mapajani.

"Ni nani?" akauliza. "Yustina, ni nani amekufa? Ni Gwamaka?"

"Hapana mama. Gwamaka mzima."

"Ni nani basi?"

Nilifungua mdomo niseme hakuna msiba. Nilitaka kabisa kusema hivyo. Lakini mama alikuwa ameshaweka mikono kichwani, na wale majirani, bila kungoja jina, wakaanza kulia, sauti ile ile ninayoijua, ila safari hii haikutoka kwenye kioo. Ilikuwa mbele yangu, na nilikuwa nimesimama chini kwa miguu yangu. Kitu kikaachia kifuani. Nikaanguka kwa magoti penye mahindi, nikalia kwa sauti ambayo sikuijua, machozi, kamasi, kila kitu. Mama akanikumbatia naye analia, hajui analia kwa ajili ya nani.

Watu wakaanza kuingia, maana kilio kikisikika Kalenga hakuna anayebaki na jembe. Nikasikia mwanamke mmoja anamuuliza Ambakisye, "Shemeji, amefiwa na nani?"

Nilidhani angeomba samahani na kueleza kwamba kumetokea makosa. Hakueleza.

"Amefiwa na wengi, mama," akasema. "Ni wa muda mrefu. Hakupata nafasi ya kuwalia."

Nilidhani wangeondoka. Badala yake wakatandika mikeka. Mmoja akachukua mahindi akayasogeza, mwingine akaenda kuchemsha maji ya uji, wanaume wakakaa upande wa pili na mume wangu. Mama akanifuta uso kwa kanga yake, akasema, "Haya, wataje."

Majina mengi sikuwa nayo. Dereva hukabidhiwa njia, hakabidhiwi mtu. Nikawataja kwa walikotoka. Wa Makete, aliyesubiriwa na watoto wenye sare za shule. Wa Ileje, wa kabla ya yule wa Sanga, ambaye kaburi lake lilijaa maji tukangoja mvua ikatike. Wawili wa Kilolo. Na yule wa Ludewa, ambaye mama yake alikuwa haoni. Wakati wengine wanakimbilia nyuma, yeye alikuja mbele akapapasa boneti akidhani ndilo jeneza, akaweka shavu lake pale kwenye joto la injini, akamwita mwanawe kwa jina, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya kioo, nimeshika usukani, nikamwacha akiita. Kila nilipotaja mmoja, kina mama waliitikia kwa kulia, kama wanavyoitikia litania. Tulikaa hapo mpaka ubaridi wa jioni ukaanza kupanda kutoka mtoni.

Kisha wakaanza kuaga. Aliyetangulia alikuwa bibi mmoja jirani, ambaye nadhani hakunielewa hata nusu. Aliinama mbele yangu akaninyooshea mkono.

"Pole na msiba, mwanetu."

Miaka yote ile, kwenye nyua zote zile, watu waliokuja dirishani kwangu waliniambia pole na safari. Nikaupokea mkono wake kwa mikono miwili, kama wafiwa wanavyofanya, nikamwambia asante.